Sukari Zilizoota Juu ya Seli za Ini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Proteoglaikani na Magonjwa ya Ini

Maswali haya yanarudi kila mara: kutoka kwa wanafunzi wa tiba na maabara, kwa wauguzi, na kwa ndugu wa wagonjwa walioshika karatasi ya majibu yenye neno "glaipikani-3" bila mtu wa kuwaeleza maana yake. Kila jibu limeandikwa liweze kusomwa peke yake. Pale ambapo jambo limeshaelezwa, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Misingi

1. Proteoglaikani ni kitu gani?

Ni protini iliyooteshwa minyororo mirefu ya sukari. Si sukari ya kutilia chai. Ni vipande vya sukari vilivyounganishwa viwiliviwili, jozi makumi kwa makumi, na vingi kati yake vimebandikwa salfeti (kikundi cha kikemikali chenye salfa na oksijeni). Salfeti hizo huupa mnyororo mzima chaji hasi kali, kwa hiyo protini yoyote yenye sehemu ya chaji chanya ikipita karibu hunaswa.

Aliyewahi kukatiza shambani akatoka na kishona nguo kwenye suruali ameshaelewa nusu ya ukurasa huu. Seli ni ule mmea, minyororo ya sukari ni zile mbegu zenye kulabu, na wapita njia ni homoni, mafuta, virusi na vimelea vinavyosafiri na damu. Ziko aina kadhaa za minyororo, lakini inayotawala juu ya seli za ini ni heparani salfeti.

2. Kwa nini ini linatajwa sana kuliko viungo vingine?

Kwa sababu ya jinsi damu inavyopita ndani yake. Mishipa midogo ya ini, iitwayo sinusoidi, ina kuta zenye matundu, na chini ya seli za kuta hizo hakuna utando mzito wa kuzuia. Maji ya damu hupenya na kufika kwenye upenyo mwembamba uitwao nafasi ya Disse, na humo huigusa seli ya ini yenyewe moja kwa moja. Upande huo wa seli umechongeka vijidole vingi vidogo, na vijidole hivyo vimevaa proteoglaikani.

Jambo la pili ni ubora wa sukari zenyewe. Heparani salfeti ya ini imebandikwa salfeti nyingi kuliko ya viungo vingi vya mwili, ikikaribia heparini. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini vimelea vya malaria vinaitambua (tazama swali la 9).

3. Sindekani na glaipikani zinatofautianaje?

Zote mbili ni familia za proteoglaikani, na hutofautiana kwa namna zilivyosimikwa. Sindekani, ambazo binadamu anazo 4, hupenya utando wa seli na kuacha mkia ndani, hivyo zinaweza kupeleka habari za nje hadi ndani ya seli. Glaipikani, ambazo ni 6, hazipenyi. Zimeshikizwa juu ya utando kwa nanga ya mafuta.

Kwenye ini zima la mtu mzima, anayefanya kazi kubwa ni sindekani-1. Glaipikani-3 kwa kawaida haionekani kabisa katika seli za ini za mtu mzima, na ndiyo maana ikijitokeza madaktari hushtuka (swali la 14). Zote zinaweza kukatwa na vimeng'enya na kuachiwa zielee kwenye damu. Hapo ndipo wazo la kuzipima kwa damu linapozaliwa.

4. Heparini ninayodungwa hospitalini ili damu isigande ina uhusiano na haya?

Ni ndugu wa damu. Mwaka 1916 mwanafunzi wa tiba Jay McLean, akifanya kazi katika chuo cha Johns Hopkins mjini Baltimore, alipata kutoka kwenye viungo vya mbwa, likiwemo ini, dutu iliyozuia damu kuganda. Mwaka 1918 mwalimu wake, William Howell, aliita dutu ya namna hiyo heparini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ini.

Mwilini heparini hutengenezwa na seli za mlingoti na kuhifadhiwa ndani yake, haikai juu ya seli za ini. Heparani salfeti imejengwa kwa sukari zilezile, ila salfeti zake ni chache zaidi na zimepangwa kwa mafungu.

Waislamu wengi wa pwani huuliza inatoka wapi. Heparini nyingi inayouzwa duniani hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe. Ipo dawa inayofanya kazi karibu na hiyo na ambayo hutengenezwa maabara tupu, fondaparinuksi. Mwulize daktari kama inafaa kwa hali yako. Usiache dawa kimyakimya, maana damu iliyoganda kwenye pafu huua.

5. Ini likiwa zima, linazitumia sukari hizi kwa kazi gani?

Kazi iliyothibitishwa vizuri zaidi ni kusafisha mafuta ya damu. Baada ya mlo, mafuta husafiri yakiwa yamefungwa kwenye vifurushi vidogo. Misuli na mafuta ya mwili hunyofoa sehemu yake njiani, na makapi yanayobaki hufika kwenye ini, hupenya matundu, na hunaswa na heparani salfeti ya sindekani-1. Kisha seli huyameza. Panya waliozaliwa bila sindekani-1, au ambao kimeng'enya cha kubandika salfeti kimezimwa katika seli zao za ini pekee, hubaki na trigliseridi (aina ya mafuta) nyingi kwenye damu hata kama vipokezi vyao vya kolesteroli ni vizima. Tafiti hizo zilifanywa California na kuchapishwa mwaka 2007 na 2009, na ndizo zilizoondoa ubishi kwamba sukari hizi si pambo tu.

Katika panya wenye kisukari cha aina ya pili, kimeng'enya kiitwacho SULF2 huzidi kwenye ini na kuchomoa baadhi ya salfeti. Makapi ya mafuta hukosa pa kunasia, yakaendelea kuzunguka. Hii ni sababu mojawapo ya kuamini kwamba mafuta mengi ya damu kwa mwenye kisukari ni zaidi ya suala la chakula.

Kazi nyingine ni kuweka akiba ya homoni za ukuaji. Ile inayoamsha seli za ini zigawanyike baada ya kujeruhiwa hukaa imenasa kwenye heparani salfeti, ikingoja.

## Virusi na vimelea

6. Kirusi cha homa ya ini B kinaingiaje kwenye seli ya ini?

Kwa hatua mbili, na ya kwanza ni sukari.

Kirusi kikifika na damu hunaswa kwanza na heparani salfeti. Mshiko huu ni dhaifu, na una faida kubwa kwa kirusi: kinatulia mahali pamoja badala ya kusombwa na damu, kisha kinasogea hadi kukutana na mlango wenyewe. Mlango huo ni protini iitwayo NTCP, ambayo kazi yake halali ni kuingiza chumvi za nyongo kutoka kwenye damu. Iligunduliwa kuwa ndiyo kipokezi cha kirusi mwaka 2012 na kundi la Li Wenhui huko Beijing, baada ya wanasayansi kuitafuta kwa miongo kadhaa. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba glaipikani-5 ni mojawapo ya proteoglaikani zinazokisaidia kirusi katika ile hatua ya kwanza.

Watu hupenda kuuliza kwa nini kirusi hiki hushambulia ini peke yake. Heparani salfeti ipo mwili mzima, kwa hiyo yenyewe haitoshi kuwa jibu. NTCP ndiyo iko kwenye ini. Sukari humsimamisha mgeni mlangoni, na NTCP humfungulia.

Ukubwa wa jambo hili si wa maabara tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na homa ya ini B sugu. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa au katika mwaka wake wa kwanza, uwezekano wa kubaki nayo maisha yote ni kama asilimia 90. Kwa mtu mzima ni chini ya asilimia 5. Ndiyo maana chanjo ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa ina thamani kubwa, na kila nchi yetu ambayo bado haimfikishii kila mtoto dozi hiyo inapaswa kuharakisha.

7. Basi kwa nini tusizibe sukari hizo kwa dawa, kirusi kikose pa kushika?

Katika chupa za maabara inafanya kazi. Ukimwaga heparini kwenye seli, virusi hushika heparini inayoelea badala ya seli, na maambukizi hushuka. Tatizo ni mwili mzima. Dozi ya kumziba kirusi ingekuwa dozi ya kumtoa mgonjwa damu. Tena, ukiziba sukari za ini unaziba pia njia ya mafuta na ya homoni za ukuaji (swali la 5).

Jaribio liliwahi kufanyika kwa dawa inayofahamika Afrika Mashariki. Suramini, iliyotumika kwa miongo mingi kutibu malale, ni molekuli yenye chaji hasi nyingi inayoweza kuiga heparani salfeti. Maabara ilionyesha inazuia virusi visiingie kwenye seli za ini. Miaka ya 1980 ikajaribiwa kwa wagonjwa wachache wa homa ya ini B sugu. Haikuwasaidia, na iliwadhuru.

Njia iliyofaulu ni ya kuziba hatua ya pili. Dawa ya bulevirtide huikalia NTCP, nayo iliidhinishwa Ulaya mwaka 2020 kwa homa ya ini D.

8. Vipi homa ya ini A, C, D na E?

Kirusi cha D huvaa koti la kirusi cha B, hivyo hupita njia ileile ya swali la 6. Kirusi cha C huja kimejifunga na mafuta ya damu na protini yake iitwayo apolipoprotini E. Protini hiyo ndiyo hunasa kwenye heparani salfeti, kwa hiyo kirusi hiki kinasafiri kwa tiketi ya mafuta. Sindekani-1 na sindekani-4 zote zimetajwa kuhusika. Kirusi cha E nacho hutumia heparani salfeti. Kwa A, proteoglaikani si habari kubwa.

Homa ya ini C sasa hutibika kabisa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12 kwa wagonjwa wengi, na vidonge hivyo havigusi sukari hizi. Kuijua biolojia ya mlango kuna faida, lakini si lazima tiba ipite mlangoni.

9. Nimesikia malaria nayo huanzia kwenye ini. Sukari hizi zinahusika?

Zinahusika sana, na kwangu hiki ndicho kisa kizuri kuliko vyote katika somo hili.

Mbu akiuma huacha kwenye ngozi vimelea vichache vya malaria viitwavyo sporozoiti. Zinatembea, zinatoboa seli na kuziacha, zinatafuta mshipa, zinaingia kwenye damu. Mahali pa kwanza pa kuishi ni seli ya ini. Lakini kimelea hakina macho. Kinajuaje kimefika?

Kinajua kwa kugusa. Mwili wa sporozoiti umefunikwa na protini moja, sekamusporozoiti, yenye sehemu inayonata kwenye heparani salfeti. Kwenye ngozi, heparani salfeti ina salfeti chache, na kimelea kinaendelea na safari. Kwenye ini, ambako salfeti ni nyingi, mguso unabadilika na kuwa amri: acha kutembea, ingia. Protini ya juu hukatwa na kimeng'enya cha kimelea chenyewe, na kimelea hujisukuma ndani ya seli. Siku chache baadaye seli hiyo moja hupasuka na kumwaga maelfu ya vimelea vipya kwenye damu, na hapo ndipo homa inapoanza. Mambo hayo yalionyeshwa kwa kutumia malaria ya panya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007.

Chanjo ya RTS,S, ambayo Kenya, Ghana na Malawi zilianza kuitoa kwa majaribio mwaka 2019 na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021, hufundisha mwili kuitambua protini hiyohiyo ya sporozoiti. Wengi hawajui kwamba herufi S katika jina lake ni antijeni (protini inayotambuliwa na kinga) ya juu ya kirusi cha homa ya ini B, iliyotumiwa kama gari la kubebea kipande cha malaria. Wageni wawili wanaogonga mlango mmoja wamewekwa katika sindano moja. Hata hivyo RTS,S si mbadala wa ratiba ya chanjo ya homa ya ini B. Mtoto apewe zote.

10. Kama heparani salfeti ni njia ya maadui wengi hivi, kwa nini mwili haujaiacha?

Kwa sababu mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Kiinitete cha panya kisichoweza kutengeneza heparani salfeti hufa mapema. Maadui ndio waliojifunza kushika kile ambacho hatuwezi kukitupa.

## Majeraha na makovu

11. Ini likijeruhiwa na pombe, virusi au mafuta, proteoglaikani hufanyaje?

Kovu la ini hufumwa na seli za nyota. Katika ini zima seli hizi zimetulia zikitunza vitamini A. Jeraha likirudiarudia, hupoteza akiba hiyo, hubadilika umbo, na kuanza kutengeneza kolajeni. Anayezichochea kwa nguvu kuliko wote ni homoni iitwayo TGF-beta, na proteoglaikani mbili zinamshika kwa namna zinazopingana. Betaglaikani iliyo juu ya seli humkabidhi kwa vipokezi vyake, ilhali ikikatwa na kuelea humnasa asifanye kazi. Dekorini, ambayo haiko juu ya seli bali katikati ya nyuzi, nayo humfunga. Panya wasio na dekorini hupata makovu mabaya zaidi.

Sindekani-1 huongezeka ini linapoharibika, na wakati huohuo hukatwa kwa wingi. Je, kuongezeka huko ni kinga au ni sehemu ya ugonjwa? Katika panya waliozidishiwa parasetamoli, wale wasio na sindekani-1 walidhurika zaidi, na kuwapa heparani salfeti kuliwasaidia. Hapo ni kinga. Lakini ugonjwa wa miaka ishirini si sawa na sumu ya siku moja, kwa hiyo jibu hilo nisingelihamishia kwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu.

12. Naweza kupima sindekani-1 kwenye damu ili nijue kama ini langu lina kovu?

Inapimika, na hupanda kwa watu wengi wenye makovu na sirosisi. Lakini haikupi jibu unalolitaka. Sindekani-1 imejaa pia kwenye kuta za mishipa ya damu mwili mzima, na huchubuka humo mtu akipata sumu ya bakteria kwenye damu, ajali kubwa au homa ya dengue. Kiwango kikiwa juu hakikuambii kimetoka wapi.

Kwa makovu ya ini, vipo vipimo vya kawaida vyenye msingi imara zaidi. Hesabu ya APRI inahitaji kimeng'enya cha AST na idadi ya chembe sahani tu, na hospitali nyingi za wilaya zinaviweza. Anza na hiyo.

13. Daktari ametaja asidi ya hayaluroni. Nayo ni proteoglaikani?

Hapana. Ni mnyororo wa sukari ya jamii hiyo, lakini haujaoteshwa juu ya protini yoyote na hauna salfeti. Huondolewa kwenye damu na seli za kuta za sinusoidi. Ini likijaa kovu, kazi hiyo hudorora na kiwango hupanda. Ni mojawapo ya vitu vitatu vinavyopimwa katika kipimo cha makovu kiitwacho ELF.

## Saratani ya ini

14. Glaipikani-3 ni nini, na kwa nini iko kwenye karatasi ya majibu ya kinyama?

Ni proteoglaikani ya kitoto. Ini la mimba linaitengeneza, kisha baada ya kuzaliwa jeni lake huzimwa. Katika saratani inayoanzia kwenye seli za ini zenyewe, jeni hilo huwashwa tena kwa takriban wagonjwa 7 hadi 8 kati ya 10.

Ndiyo sababu mtaalamu wa maabara aliyepewa kinyama kutoka kwenye uvimbe wa ini huipaka kingamwili ya glaipikani-3. Rangi ya kahawia ikijitokeza, ni ishara inayoelekeza kwenye saratani kuliko kwenye vinundu vya kawaida vya sirosisi. Kwa saratani changa, ambayo kwa macho hufanana mno na kinundu kisicho na hatari, miongozo hutumia mashahidi watatu kwa pamoja, yaani protini tatu zinazopakwa rangi: glaipikani-3, HSP70 na glutamini sinthetesi. Wawili wakikubaliana, saratani ina uwezekano mkubwa sana.

15. Majibu yanasema "glaipikani-3 hasi". Nimesalimika?

Si lazima. Saratani 2 hadi 3 kati ya 10 haziionyeshi, na zile changa ndizo huificha zaidi. Pia sindano inaweza kuchota sehemu isiyo na alama. Kinyume chake nacho kipo: "chanya" haimaanishi saratani ya ini kila mara. Baadhi ya uvimbe wa mfuko wa mayai na korodani, na baadhi ya saratani za ngozi na mapafu, huionyesha. Jibu la kinyama husomwa pamoja na picha, damu na historia ya mgonjwa, na anayelisoma kwa mstari mmoja humkosea mgonjwa.

16. Kiko kipimo cha damu cha glaipikani-3? Kinashinda AFP?

Kipo katika tafiti na baadhi ya maabara. Peke yake hakijaonyesha ushindi wa wazi dhidi ya alfafetoprotini, ile AFP inayozoeleka, protini inayopimwa kwenye damu kutafuta saratani ya ini. Mwenye sirosisi, au mwenye homa ya ini B aliye katika kundi la hatari, anachohitaji ni altrasaundi kila miezi 6, ikiambatana na AFP panapowezekana. Ningependa kuona fedha za familia zikienda huko kuliko kwenye kipimo kipya kinachosafirishwa nje ya nchi.

17. Glaipikani-3 huikuza saratani au huizuia?

Hapa hata wataalamu hukuna kichwa. Mtoto anayezaliwa na jeni la glaipikani-3 lililoharibika hupata ugonjwa wa Simpson-Golabi-Behmel, uliofungamanishwa na jeni hilo mwaka 1996. Jeni liko kwenye kromosomu X, hivyo walioathirika zaidi ni wavulana, nao hukua kupita kiasi tangu tumboni. Panya waliowekewa glaipikani-3 ya ziada kwenye ini walichelewa kuliotesha upya baada ya kukatwa sehemu yake. Hadi hapo inaonekana ni breki.

Lakini katika seli za saratani ya ini, protini hiyohiyo hushika ishara ziitwazo Wnt na kuzikabidhi kwa vipokezi vyake, na seli hukua. Kwa ishara nyingine, ziitwazo Hedgehog, huzinyang'anya vipokezi, na ukuaji hupungua. Kwa hiyo inategemea ni ishara ipi inayotawala katika seli hiyo. Kuiita glaipikani-3 "protini ya saratani" ni kurahisisha mno.

18. Kuna dawa zinazoilenga?

Zinatafutwa kwa bidii, kwa sababu ya hali yake adimu: ipo juu ya seli ya saratani na haipo kwenye seli nzima ya ini iliyo jirani. Kingamwili ya kodrituzumabu ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani iliyoenea, na matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha haikurefusha maisha kuliko dawa bandia.

Njia nyingine ni kuchukua seli T za mgonjwa, ambazo ni seli za kinga, kuzifundisha maabara kuitambua glaipikani-3, kisha kuzirudisha mwilini. Katika majaribio mawili ya China yaliyoripotiwa mwaka 2020, kati ya wagonjwa 13 uvimbe ulipungua kwa 2, na mmoja mwingine alikuwa hai zaidi ya miaka mitatu baadaye. Mmoja alifariki kwa mlipuko wa kinga uliosababishwa na tiba yenyewe. Kazi inaendelea, zikiwemo seli zilizoongezewa nguvu zidumu zaidi. Lakini leo hii hakuna tiba ya glaipikani-3 ambayo hospitali inaweza kukuandikia kama dawa ya kawaida. Anayekuuzia moja nje ya utafiti rasmi, mkimbie.

## Maswali ya pembeni

19. Sumukuvu inahusiana na proteoglaikani?

Si moja kwa moja. Sumukuvu ya mahindi na karanga zilizoota ukungu huingia kwenye seli ya ini na kuharibu jeni zake, hasa jeni linalozuia saratani liitwalo TP53. Haihitaji sukari za juu ya seli. Mtu mwenye homa ya ini B anayekula sumukuvu mara kwa mara ana hatari ya saratani kubwa kuliko ya vitu hivyo viwili vikijumlishwa tu. Uvimbe ukishatokea, mara nyingi huwa na glaipikani-3 kama saratani nyingine za ini.

Kwa dozi kubwa sumukuvu huua kwa siku chache. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kati ya 317 waliougua. Kausha mahindi vizuri kabla ya kuyaweka ghalani, na yaliyoota ukungu yasipelekwe kwa mifugo wala kwenye pombe.

20. Supu ya makongoro na vidonge vya kondroitini vina proteoglaikani nyingi. Vitajenga ini langu?

Ni kweli gegedu la kongoro limejaa proteoglaikani. Lakini tumbo huvunjavunja protini yake, na sukari zake ndefu hazifyonzwi zikiwa nzima hadi zikapandikizwe kwenye seli ya ini. Kila seli hujitengenezea za kwake. Kunywa supu kwa kuwa ni tamu na ina protini, mradi daktari hajakuzuia chumvi, jambo ambalo mwenye sirosisi na maji tumboni huambiwa karibu kila mara. Vidonge vya kondroitini havijathibitishwa kutibu ini.

21. Mtoto wangu wa miezi 7 ana uvimbe wa ini, na majibu yanasema glaipikani-3 chanya. Ni saratani?

Katika umri huo jibu hilo peke yake halitoshi. Ini la mtoto aliye chini ya mwaka mmoja linaweza kuwa bado linatengeneza glaipikani-3 kwa kawaida, kama vile AFP yake inavyokuwa juu bila ugonjwa. Wakati huohuo, hepatoblastoma, saratani ya ini ya watoto wadogo, mara nyingi huionyesha. Mpeleke haraka kwenye hospitali ya rufaa yenye daktari wa saratani za watoto. Hepatoblastoma ikiwahiwa, kwa dawa na upasuaji, watoto wengi hupona.

22. Kinyama cha ini kimepakwa CD138. Si alama ya saratani ya damu hiyo?

CD138 ni jina jingine la sindekani-1. Seli za plazma, zile zinazotengeneza kingamwili, zimeivaa kwa wingi, na ndiyo maana hutumika kutafuta saratani ya mieloma. Kwenye ini, kwa kawaida daktari huiomba kwa sababu nyingine: anahesabu seli za plazma zilizokusanyika, akishuku kwamba kinga ya mwili inalishambulia ini lenyewe. Seli za ini nazo hushika rangi hiyo kwenye kingo zake kwa sababu sindekani-1 ni yao tangu awali (swali la 3). Kwa hiyo neno "chanya" halina maana mpaka uone imeandikwa ni chanya kwenye seli zipi.